Maji yanayotoka barabarani kiangazi sio ya mvua, sasa ni ya nani?

Mtaani kwetu Sinza, Dar es Salaam, kuna sehemu haikauki. Na nikisema haikauki simaanishi inachelewa kukauka, namaanisha masika ipo, vuli ipo, Januari jua linachoma mpaka mbwa wanalala uvunguni mwa magari, pale pana maji. Yanatoka chini ya lami kwenye kona ya duka la spea, membamba tu kama mtu kasahau kufunga koki, yanashuka na barabara mita kama 80 hivi halafu yanaingia kwenye mtaro ambao nao umejaa makopo. Bodaboda wameshaizoea wanakwepa kulia, bajaji wanapita katikati hivyo hivyo, wanaoumia ni wageni maana ukitazama unaona kidimbwi cha sentimita 2 kumbe chini kuna shimo linameza tairi.

Nimezunguka ofisi tatu kwa hii ishu. Ofisi ya kwanza wakaja kweli, wakasikiliza chini na kile kifaa chao, wakasema bomba letu zima, hayo sio maji yetu. Ofisi ya pili wakasema barabara ni yetu ila sisi hatushughuliki na maji, tafuteni kwanza chanzo ndio tuje kuziba. Ofisi ya tatu wakaniuliza nina uhakika gani kwamba sio jirani anafua. Sa hapo ukipiga hesabu, maji yapo, barabara ipo, ofisi zipo tatu, mwenye maji hayupo.

Na mimi nadhani tatizo lote la haya maji kwenye miji yetu limekaa hapo, kwenye umiliki. Uhandisi wake upo na ni wa zamani, mabomba yenye matundu na kokoto, hakuna maajabu. Ila hakuna mtu anapewa kazi ya kuamua haya ni maji gani, na bila kujua ni maji gani hujui hata uanze kuziba, kutoa au kunyonya, kwahiyo kila mwaka tunafanya kitu kimoja tu tunachokijua, tunamwaga moramu.

Tuanzie chini kabisa. Sehemu kubwa ya Dar imekaa juu ya mchanga. Ukichimba unapata mchanga, halafu unakutana na mfinyanzi, halafu mchanga tena kwa chini. Maji yakizama yanapita mchanga wa juu vizuri tu mpaka yagonge ule mfinyanzi, pale hayapiti, yanaanza kutambaa kwa ubavu kufuata mteremko, na popote ardhi ilipoinama au ilipokatwa yanajitokeza. Wazee walijua hili bila kupima chochote. Angalia majina, Mikocheni ni kwa mikoche, na mkoche ni mti unaopenda mahali maji yapo karibu, mizizi yake inayafuata. Mchikichini ni michikichi, nayo inataka bonde lenye unyevu. Yaani mji ulishaandikiwa ramani ya maji ya chini kwenye majina ya vituo vya daladala halafu sisi tukaenda kuchimba besimenti hapo hapo tukashangaa zinajaa.

Sasa hayo maji yanayozama yanatoka wapi, maana mvua ya Dar ni kama milimita 1,100 kwa mwaka na imekuwa ikinyesha tangu enzi na enzi, kwanini barabara zitoe maji sasa hivi.

Hapa ndipo watu wengi wanakosea, mimi mwenyewe nilikosea miaka mingi. Tunafikiri maji ya chini ni ya Mungu. Sehemu yake kubwa tu siku hizi tumeyaleta wenyewe. Mtambo wa Ruvu Chini una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu lita milioni 196, jumla milioni 466, na hayo maji yanatolewa mtoni Mkoa wa Pwani yanasukumwa kuja kumwagwa mjini. Yakifika hapa yanaenda wapi? Mengine yanavuja kabla hayajafika kwenye mita. Fanya mfano tu, chukua moja ya kumi ivuje, hizo ni lita milioni 46 kila siku, sawa na maboza 4,600 ya lita 10,000 yanayomwagwa ardhini usiku na mchana bila mtu kuyaona. Na yale yaliyofika, tukaoga, tukafua, tukavuta choo, mtandao wa majitaka unafikia sehemu ndogo tu ya mji, kwahiyo mengi yanaingia kwenye karo, na karo kazi yake ni nini? Kuzamisha maji ardhini. Tumechukua mto tumeuzika chini ya nyumba zetu, kidogo kidogo, kila kaya na shimo lake.

Sinza yenyewe ni mfano mzuri. Ni mtaa uliopimwa miaka ya 70 kwenye ile miradi ya viwanja na huduma, viwanja vidogo vya familia moja moja, choo na karo nyuma, maisha yanaenda. Tuseme familia ya watu 7, kila mtu lita 100, hizo ni lita 700 zinazama kwa siku na mchanga unazimudu. Leo kiwanja kile kile kina lodge ya vyumba 20, chini baa, pembeni saluni na sehemu ya kuosha magari, na karo ni lile lile au limeongezwa pete mbili tatu, sa pale zinazama lita elfu tatu, nne, na jirani naye hivyo hivyo, na wa nyuma yake. Mchanga haukuongezeka. Karo likianza kujaa kila wiki mwenye nyumba anasema aah hili karo limekufa, analichimbia lingine pembeni yake, kumbe karo halijafa, ardhi yenyewe imeshiba.

Kuna kipimo kimoja cha bure ambacho kila mtu wa Dar anaweza kukifanya, nacho ni mgao. Mnakumbuka Oktoba 2022 Ruvu iliposhuka tukapigwa mgao wa nguvu? Mimi niliwaambia watu pale kwenye duka la spea, haya sasa tutajua mbivu na mbichi, kama haya maji ni ya bomba yatakata. Siku ya kwanza bomba kavu, maji ya barabarani yapo. Siku ya pili yapo. Wale wote waliokuwa wanaapa ni bomba limepasuka wakanyamaza. Ila baadaye, yaani mtaa ulivyokaa na ukame ule siku kadhaa, ndoo za kugombania, mtu anaoga kwa kopo, yale maji yakaanza kunywea taratibu, mpaka kukawa na unyevu tu na lami inaonekana. Maji yaliporudi, hayakurudi barabarani siku hiyo hiyo, yalichukua muda tena. Hii tabia ya kuchelewa kukata na kuchelewa kurudi sio tabia ya bomba. Ni tabia ya ardhi inayonyonya na kukamua, na kilichokuwa kinaingizwa mule ni maji yetu ya bafuni.

Wenye ofisi wana vipimo vya uhakika zaidi na sio vya bei ya kutisha. Maji ya bomba yana klorini, kile kifaa cha kupimia maji ya bwawa la kuogelea kinaionyesha, ukiikuta ujue bomba liko karibu, japo usipoikuta usishangilie maana klorini ikipita kwenye udongo inapotea njiani. Pima chumvi, maana maji ya mto na maji ya kisima cha Dar hayafanani, wengine wanayatofautisha kwa ulimi tu au kwa sabuni inavyogoma kutoa povu. Pima naitreti na vijidudu vya kinyesi, hapo utajua kama karo linahusika. Vipimo vitatu, chupa mbili za maji, asubuhi moja ya kuchota. Nimeona shimo likizibwa mara nne bila hata mtu kuchota kikombe.

Lakini kuna kitu cha pili kinapandisha maji nacho hakisemwi kabisa, na mimi nilikipata kwa bibi mmoja jirani. Alikuwa amekaa barazani ananitazama ninavyopiga picha lile dimbwi akaniambia, mwanangu hapo palikuwa na kisima, na pale kwa fulani kisima, na kule nyuma viwili, tulikuwa tunachota mpaka usiku foleni, sasa mmeletewa bomba nani anachota? Nikamwambia bibi umemaliza.

Maana ukame wa 1997 ulichimbisha visima Dar nzima, vya serikali, vya watu binafsi, vya misikiti na makanisa, mji ukawa unakunywa chini ya miguu yake. Halafu mitambo ya Ruvu ikapanuliwa, mabomba yakasogea mitaani, pampu nyingi za visima zikazimwa maana maji yake yana chumvi na umeme ni ghali. Kwa mantiki ya kawaida kabisa ukipunguza kuchota huku unaongeza kumwaga, kitu kitapanda. Ni kama ndoo.

London waliipitia hii kabla yetu na kwa ukubwa wa kutisha. Karne ya 19 na nusu ya 20 viwanda na watengeneza bia walinyonya maji ya chini ya mji mpaka katikati ya London kiwango kikashuka mita kama 88 chini ya usawa wa bahari, hiyo ni miaka ya 60. Watu wakajenga maghorofa na njia za treni za chini wakidhani ukavu ule ndio hali ya kawaida. Viwanda vikaondoka, pampu zikazimwa, maji yakaanza kurudi nyumbani kwake, mahali pengine mita 3 kwa mwaka. Mwaka 1992 kampuni ya maji Thames Water, mamlaka ya mazingira na London Underground wenye treni wakakaa meza moja, kikundi kikaitwa GARDIT, wakapanga wapi wachimbe visima vipya vya kushusha maji na nani atayatumia, na hadi mwanzo wa miaka ya 2000 kupanda kukawa kumetulizwa. Mimi kinachonivutia hapo ni ile meza kuliko hata pampu. Mwenye maji, mwenye mazingira na mwenye mahandaki, watu watatu waliokuwa na kila sababu ya kurushiana mpira, wakakubali kwamba hili lidude ni letu sote.

New York hawakufanya hivyo na wanaumia mpaka leo. Kwenye eneo la mji ule linaloitwa Jamaica, kule Queens, kulikuwa na kampuni inauza maji ya visima, mji ukainunua mwaka 1996, mwaka 2007 ukaacha kabisa kutumia vile visima kwa maji ya kunywa. Uamuzi mzuri kabisa, watu wakapata maji ya milimani kutoka mbali. Ila maji ya chini yakapanda yakaingia besimenti za watu, na wenye nyumba wakaanza kupigana na pampu mchana na usiku, jiji linasema hili, wao wanasema lile, miaka inaenda. Treni za chini za mji ule zenyewe zinasukuma nje maji kama lita milioni 50 kwa siku, na hapo nazungumzia siku isiyo na tone la mvua.

Na kama mtu anaona hayo ni ya wazungu matajiri, Riyadh iko jangwani kabisa. Mji hauna mto wa kudumu, mvua kiduchu, miaka ya 80 wakaleta maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kutoka pwani ya Jubail kwa bomba la zaidi ya kilometa 400, mji ukanywa, ukamwagilia bustani, mabomba yakavuja, makaro yakazamisha, na katikati ya jangwa maji yakapanda yakaanza kula misingi na lami. Yaani waliagiza mafuriko kwa bomba. Wao walichofanya ni kuyatoa kwa mifereji ya chini kuyapeleka Wadi Hanifah, bonde lililokuwa dampo, wakalisafisha, wakaweka mawe na mimea ya kuchuja, leo familia zinaenda kukaa pale jioni na lile bonde likapata tuzo ya Aga Khan mwaka 2010. Ndugu zetu walioko kule wanalijua. Halafu angalia Zliten, Libya, mwanzoni mwa 2024 maji yaliibuka tu kwenye mitaa na ndani ya nyumba za watu, kuta zikapasuka, familia zikahama, wataalamu wakaitwa kutoka nje, na kati ya vitu vilivyotajwa ni mji kutegemea makaro badala ya mtandao wa majitaka. Makaro tena.

Tokyo waliniacha hoi. Walinyonya maji mpaka ardhi ikadidimia zaidi ya mita 4 sehemu za mashariki mwa mji, wakapiga marufuku kunyonya hovyo, maji yakarudi juu, na stesheni ya chini ya Tokyo ikaanza kutaka kuelea kama boti, ikabidi waifunge chini na nanga za chuma. Maji yanayovuja kwenye handaki la treni wangeyalipia kuyamwaga kwenye mfumo wa majitaka, badala yake mwaka 2002 wakayapitisha kwa bomba hadi kwenye kimto kinaitwa Tachiai kilichokuwa kinanuka, kikapata maji ya kusafishika. Mwenye handaki kaokoa hela, mto umepona. Sisi Mto Ng'ombe uko hapa hapa nyuma ya Sinza, kiangazi unabaki na maji meusi na mifuko, na maji yetu yanamwagika barabarani kwenye kona ya spea.

Sasa turudi kwenye barabara yenyewe maana hapo ndipo hela zinapotelea. Lami sio inayobeba gari, kinachobeba ni yale matabaka ya chini, kokoto na moramu iliyoshindiliwa. Moramu kavu ni ngumu kama andazi la jana. Ilowanishe kutoka chini kila siku inakuwa andazi kwenye chai. Lori likipita juu yake maji yaliyobanwa mule hayana pa kwenda, yanaruka juu kupitia nyufa na kubeba vumbi laini la moramu, ndio maana ukiangalia kwa makini barabara inayotoa maji utaona tope jembamba jekundu limeganda pembeni ya ufa, ile ndio barabara inatapika matumbo yake. Kidogo kidogo chini kunabaki uwazi, halafu siku moja shimo. Ukija kuziba shimo kwa juu umefunga jeraha ambalo usaha bado unatoka, maji yanahamia mita moja mbele na kazi inaanza upya. Pevingi nazo watu wanazisifia kwamba zinapitisha maji, ni kweli zinapitisha, ila ule mchanga wa chini yake unachukuliwa na maji zinakaa kama meno ya mzee.

Kinachotakiwa ni kuyakamata maji kabla hayajafika chini ya lami. Unachimba mtaro mwembamba upande wa juu wa barabara, kina chini kuliko matabaka, unatandika kitambaa cha kuchuja, kokoto, bomba lenye matundu, kokoto tena, unafunika, mwisho wa bomba unautoa kwenye mtaro halisi. Hiyo kitu kwa Kiingereza inaitwa French drain na mafundi wengi wanadhani ni mambo ya Ufaransa, kumbe French ni jina la mtu, Henry French, mwanasheria wa Massachusetts aliyeandika kuhusu kukausha mashamba mwaka 1859. Teknolojia ya mkulima wa miaka zaidi ya 160 iliyopita. Haihitaji mkopo wa nje.

Na kichekesho ni kwamba tumeshaijenga bila kujua, ila kinyume. Kila anayechimba barabara kupitisha bomba au waya wa intaneti anafukia kwa mchanga legelege, na mchanga legelege kwenye udongo ulioshindiliwa ni njia ya mkato ya maji. Maji ya chini yanaingia mule yanasafiri starehe mpaka mchimbo unapoishia, pale yanatoka juu. Ukiona chemchemi mpya imezuka ghafla mahali ambapo haikuwepo, kabla hujamtukana jirani anayefua angalia kama hapakuchimbwa miezi michache nyuma. Mtu anayetoa kibali cha kukata barabara angeweka tu sharti la kuziba mchimbo kwa mfinyanzi kila baada ya mita kadhaa, angeokoa mabilioni, basi.

Upande wa mjini kati, Kisutu, Upanga, Kariakoo, hadithi ni nyingine kidogo. Pale maji yanatolewa kwa makusudi. Ghorofa limechimba besimenti mbili chini ya kiwango cha maji, pampu inafanya kazi saa 24, na mdomo wa bomba umeelekezwa barabarani. Nimepita usiku saa sita mtaa mkavu kabisa nikasikia maji yanaruka kama chemchemi ya hotelini. Mwenye jengo amehamisha tatizo lake kutoka kwenye paking yake kulipeleka kwenye njia ya watu wote, na gharama yake ni umeme wa pampu tu. Mimi hapo siko na huruma hata kidogo. Mtu akitaka kuishi chini ya maji alipie bomba lake mpaka kwenye mfumo wa maji ya mvua, aweke chemba ya kutulizia mchanga kabla ya kumwaga, awe na mita, alipie kwa lita. Miji mingi ya Marekani ya sehemu za baridi ilikataza siku nyingi kumwaga maji ya pampu ya besimenti kwenye barabara, maana kule yanaganda barafu watu wanavunja viuno, ila sababu ya kisheria ni ile ile, barabara sio mtaro wako.

Kisheria kwetu mambo yako wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji yote Tanzania Bara ni ya umma, yako chini ya Rais kama mdhamini. Yaani lile dimbwi la kona ya spea lina mwenyewe na ni mkubwa kweli. Shida inaanzia kwenye kugawana. Maji yakiwa ardhini ni ya bodi ya bonde, Wami/Ruvu, makao yake Morogoro. Yakiwa kwenye bomba au bomba la majitaka ni DAWASA. Yakitokeza juu ya barabara ya mtaa, barabara ni TARURA, ikiwa barabara kuu ni TANROADS. Yakinuka ni halmashauri na NEMC, wale wa mazingira. Tone moja la maji likisafiri mita 2 kwenda juu linabadilisha mwenyewe mara tatu, na kila mmoja kwenye karatasi yake yuko sahihi akisema hili sio langu. Sio kwamba watu ni wavivu, kuna mainjinia wazuri sana kwenye hizo taasisi, ila hakuna fomu, hakuna bajeti ya kitu kinachoitwa maji ya chini kutokea barabarani. Kitu kisicho na mstari kwenye bajeti hakipo.

Ningekuwa na uwezo ningeomba kitu kidogo tu cha kuanzia, ofisi ya barabara ndio ipokee kila taarifa ya maji kiangazi, kwa sababu ndiyo inayoumia, na ipewe haki ya kuchota chupa ya maji na kumpelekea mwenzake bili ya ukarabati kulingana na majibu. Klorini imeonekana, bili inaenda kwa mwenye bomba. Kinyesi kimeonekana, wenye makaro eneo lile wanaanza kuunganishwa mtandao wa majitaka kwa kipaumbele na sio kwa foleni. Hakuna vyote viwili, haya ni maji ya ardhi tu, tunayatoa kwa bomba lenye matundu na tunayatumia. Nasema tunayatumia maana tunanunua maboza kumwagilia bustani za kati ya barabara na miche ya halmashauri, na maji ya chini yanatoka bure mita 50 pembeni. Ila yapimwe kwanza jamani, sitaki mtu aone maji meupe aende kuoshea mchicha, maji ya karo yaliyochujwa na mchanga yanaweza kuwa meupe kabisa na mchana ukaishia hospitali.

Kuna wanaosema suluhisho ni mitaro mikubwa, na miradi kama DMDP, ule wa kuboresha miundombinu ya Dar, imejenga mitaro mizuri tu, mtaa wenye mtaro wa zege sio sawa na usio nao. Lakini mtaro wa zege usio na matundu ubavuni hauvuti maji ya chini, unayapita. Na ukiwa na maji kidogo kidogo mwaka mzima ndani yake bila kasi, unakuwa bwawa refu la mbu.

Wiki iliyopita wamekuja tena pale kwenye spea. Vijana wanne, pikapu, moramu, mifuko miwili ya simenti maana safari hii wameamua kupiga zege kabisa. Nikasimama kuangalia. Walikuwa hawajabeba maji. Kijana mmoja akazunguka akiulizia ndoo ya maji madukani, mwenzake akamcheka akamwambia wewe nawe unatafuta nini, akachukua kopo, akachota kwenye shimo lenyewe, akamimina kwenye simenti, akakoroga.